Kofia Juu ya Nyota

Kwenye ofisi ya mawakili alikofanya kazi walimwita Bi Taipu, na jina likamganda mpaka nyumbani. Hakulipata kwa upendeleo. Wakili mkuu, mzee wa miwani minene, alikuwa na mazoea ya kutoa imla huku anazunguka chumba, mikono nyuma, na mara nyingi akifika dirishani alisimama kumsubiri mpiga chapa wake amfikie, akakuta yeye ndiye anayesubiriwa. Bi Taipu hakutazama vidole wala karatasi. Alitazama nje, ukuta wa ghala la mbao, na kazi ikawa inajiendea yenyewe. Jioni aliifunika mashine kwa kitambaa chake cha bluu, akachukua mkoba, akarudi kwenye nyumba ya vyumba vitatu waliyoachiwa na wazazi, yeye na mdogo wake wa kiume.

Mdogo wake alikuwa fundi redio, na mtaa mzima, hata dada yake, ulimwita Fundi. Alikuwa na kibanda cha kazi pembeni mwa soko, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Bi Taipu alikuwa amemlea tangu mama yao alipofariki: alimfulia, alimpigia pasi, alimchagulia mashati, na kila msichana aliyeletwa kutambulishwa alikuta kwanza anapimwa na macho ya dada mtu kuanzia kisigino hadi nywele. Wengi hawakurudi mara ya pili.

Jambo lililowaunganisha zaidi ya damu lilianzia kwenye redio. Siku moja Fundi alikuwa anaijaribu redio ya mteja kwenye masafa mafupi, akazungusha kitufe, akanasa sauti ya mwanamke anasoma habari kwa lugha asiyoijua, lakini kila neno lilitoka wazi kama limeoshwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaandikia kituo barua, akajibiwa, akaletewa kitabu chembamba. Lugha yenyewe ni Kiesperanto, ambayo zamani mtu mmoja aliketi akaibuni makusudi, isiwe ya taifa lolote, ili watu wa nchi mbalimbali wakutane katikati, asiwepo mwenyeji wala mgeni. Fundi alikuja na kitabu nyumbani, akakiweka juu ya meza ya kulia, akasema, "Dada, hii tunaiweza."

Wakaiweza. Walijifunza kwenye meza hiyohiyo baada ya kula, sahani zikiwa bado hazijaondolewa. Mwaka ulipokwisha walikuwa wanaombana chumvi kwa Kiesperanto. Kwao ilikuwa pia lugha ya kuteta. Mgeni akikaa kupita kiasi, dada alimtupia kaka sentensi moja, kaka akaangalia dari asicheke. Hakuna aliyewaelewa, na Bi Taipu hakujua raha kubwa kuliko hiyo.

Kisha likaja gazeti. Walikuwa wanaletewa magazeti ya Kiesperanto kutoka nchi za mbali, membamba, yenye picha za watu wanaotabasamu kwenye mikutano. Fundi akauliza, "Mbona sisi hatuna letu?"

"Alisome nani?" dada akamuuliza.

"Hao hao wa kwenye picha."

Pale ofisini palikuwa na mashine ya kurudufu iliyostaafishwa, imelala stoo chini ya mafaili. Bi Taipu alimwomba mzee wa miwani, mzee akasema ichukueni kabla panya hawajaioa. Fundi akaibeba kwa mkokoteni, akaisafisha na kuibadilishia mpira. Wakatafuta jina. Waliyataja mengi ya kishindo, ya jua na ya amani, lakini mwishowe wakaliita *Nia Tablo*, maana yake Meza Yetu, kwa sababu ndipo lilipozaliwa.

Kazi waligawana hivi. Fundi aliandika: namna redio inavyonasa sauti, jirani aliyefuga bata bafuni, habari za mtaa ambazo huko mbali zilisomwa kama mambo ya maajabu. Bi Taipu alichapa. Alichapa kwenye stensili, ile karatasi yenye nta ambayo herufi zikiipiga zinaitoboa, na wino unapita kwenye vitundu. Ila Kiesperanto kina herufi sita zenye alama juu, nyingi zikiwa kama kijikofia, na taipureta yake haikuwa nazo. Kwa hiyo kila akimaliza ukurasa, aliinamia stensili na kalamu yenye ncha ya chuma, akavalisha kofia herufi moja baada ya nyingine kwa mkono, taratibu, asiichane nta. Kazi hiyo haikufanyika bila kutazama. Kofia zake zilikuwa ndogo, zimenyooka, za kupendeza. Msomaji mmoja wa ng'ambo, mstaafu wa reli ambaye aliandika barua kila toleo likimfikia, aliwahi kuuliza ni kiwanda gani kinachotengeneza mashine yenye herufi nzuri hivyo. Bi Taipu aliisoma barua hiyo mpaka akaikariri.

Na siku ya kurudufu ikifika, Fundi alizungusha mpini, karatasi ya kwanza ikaruka na wino mbichi, naye aliishika kwa ncha za vidole akampa dada yake. Hawakuwa wamepatana hivyo. Ilitokea mara ya kwanza, ikawa ndiyo desturi yao.

Mwaka wa nne wa gazeti, Fundi akaoa.

Alimwoa mhudumu wa duka la dawa, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye hakupimwa kwa macho ya dada mtu kwa sababu Fundi hakumleta mpaka mambo yalipokwisha kuiva. Hilo lenyewe Bi Taipu hakulimeza. Kwa nje alikuwa wifi mtu wa kupigiwa mfano. Alimpa chumba kikubwa, yeye akahamia cha pembeni, akasema anapenda upepo. Kwa ndani alianza kuhesabu. Wifi alikunja mashati tofauti. Wifi alihamisha taa. Wifi alimwita Fundi kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua, akalisema kwa sauti ya chini jikoni, na Bi Taipu akiwa sebuleni alikuta masikio yamesimama kama ya sungura.

Faraja yake ilikuwa meza. Pale, baada ya chakula, lugha iliwarudisha wawili kama zamani. Wifi alikaa upande wa tatu, anageuza shingo huku na huku, anatabasamu tabasamu la mtu anayesikiliza redio ya jirani. Bi Taipu, kusema kweli, alirefusha mazungumzo hayo kuliko ilivyohitajika.

Ikaja siku shangazi yao alipowatembelea, mama mmoja asiyeridhika na kitu. Alilalamika kwamba chai imepoa huku anajimiminia kikombe cha tatu. Bi Taipu akamwambia Fundi kwa Kiesperanto, uso mkavu, "Chai imepoa, lakini kikombe hakipumziki."

Aliyecheka alikuwa wifi. Chai ilimpalia, akainama, mabega yanatikisika.

"Ana nini huyu?" shangazi akauliza.

"Imempalia," Fundi akasema, lakini macho yalikuwa yamemtoka kwa furaha. Shangazi alipoondoka akamgeukia mkewe. "Umeelewa?"

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu niolewe. Ulitaka nikae humu kama kabati?"

Fundi alimshika mkono akamzungusha katikati ya sebule. Bi Taipu naye alicheka, akasema hongera wifi, umetupiga chenga. Halafu akaingia chumbani kwake, akaketi kitandani, akahisi kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga.

Tangu hapo mambo yalikwenda mbio. Wifi alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Siku nzima dukani alishinda na majina ya dawa, marefu kama treni, na maneno ya Kiesperanto kwake yalikuwa mepesi. Haukupita mwaka akawa anaandika makala. Baadaye, kwa upole ule ule wa kumwelekeza mgonjwa vidonge vya asubuhi na vya jioni, alisimama nyuma ya kiti cha Bi Taipu akasema, "Wifi, samahani, hapa mwishoni panataka n."

"Wapi?"

"Hapa. Kile kinachotendwa kinavaa n. Na hapa pia. Na hapa."

Bi Taipu, ambaye siku hizo alikuwa ameanza kuandika safu yake ndogo, alitazama. Ilikuwa kweli. Alikuwa ameziacha hizo n toleo baada ya toleo, na wasomaji wa nchi zote hizo walikuwa na adabu mno kumwambia. Akasema asante. Usiku na mchana n hizo zilimwasha kama upupu, na safu yake hakuiandika tena.

Barua za wasomaji zikaanza kuja kwa jina la wifi. Karatasi ya kwanza kutoka kwenye mashine, Fundi akaanza kuipeleka jikoni kwa mkewe. Hakufanya kwa ubaya. Hata hakujua amefanya kitu. Mara ya kwanza Bi Taipu alikuwa ameshanyoosha mkono, ikabidi aupeleke kichwani ajikune.

Mwaka wa saba wifi akasema jambo lililoleta mgomo. Alisema kwamba wapo watu wanaoandika Kiesperanto bila kofia. Wanaweka tu herufi ya x baada ya ile inayostahili kofia, kila mtu anaelewa, na mchapaji anapumzisha macho. "Nakuonea huruma wifi," akasema. "Unavyoinama vile, mgongo utakuuma."

"Mgongo wangu umekushtakia?"

"Nasema tu."

Fundi alikuna kidevu. "Tunaweza kujaribu toleo moja."

Bi Taipu alifunika mashine yake kwa kitambaa. "Jaribuni," akasema. "Chapeni wenyewe."

Alidhani watakwama. Akakaa chumbani akiwasikiliza wanavyodonoa herufi moja moja kama kuku, wanacheka, wanachana stensili, wanaanza upya. Toleo lilitoka limepinda, limejaa x kama uzio wa waya. Lakini lilitoka. Likatumwa posta, likapokelewa, na watu wakajibu kama kawaida. Ni mstaafu wa reli peke yake aliyeuliza zile kofia zimekwenda wapi. Kwamba gazeti linaweza kutoka bila yeye ni jambo ambalo Bi Taipu hakuwa amewahi kulifikiria hata siku moja.

Wifi ndiye aliyemfuata. Alibisha hodi, akasimama mlangoni. "Wifi, rudi. Sisi tunachana tu nta." Bi Taipu akarudi, na kofia zikarudi, ila hakusamehe. Mtu akikuomba urudi, ina maana yeye ndiye mwenye mlango.

Basi ukaingia mwaka wa kumi. Wasomaji waliandika kutoka huku na huko wakitaka historia ya gazeti: lilianzaje, nani walikuwepo. Fundi akasema mezani, "Wifi yako ataiandika. Ana kalamu nzuri."

"Ataandikaje historia ya kitu alichokikuta?"

"Si atatuuliza."

Na kweli aliuliza. Alimjia Bi Taipu na penseli, akaketi chini kwenye mkeka kama mwanafunzi. Jina lilipatikanaje? "Lilipatikana tu." Siku ya kwanza ilikuwaje? "Sikumbuki." Mashine ilitoka wapi? "Sikumbuki." Wifi aliikunja karatasi yake, akaondoka kwenda kumuuliza mumewe.

Jumamosi ya kuchapa, wifi alileta ukurasa wa kwanza tu. Wa pili, alisema, bado anaunyoosha. Kichwa cha habari kilikuwa *La stelo de nia tablo*, yaani Nyota ya Meza Yetu. Bi Taipu aliweka stensili, akaanza kuchapa, na safari hii, kinyume cha mazoea yake, akawa anasoma. Ilikuwa imeandikwa vizuri, hapo hapakuwa na ubishi. Ilieleza nyumba, taa, sahani ambazo hazijaondolewa. Ilisema kwamba pale mezani kulikuwa na nyota moja iliyowaangazia wengine wote, bila hiyo kusingekuwa na gazeti, na jina la nyota hiyo msomaji atalikuta ukurasa wa pili. Neno nyota lilirudi mara kadhaa, na kila liliporudi Bi Taipu alizidi kukaza meno. Nyota gani? Ama ni Fundi, na mwanamke huyu anataka kumtangazia mumewe mapenzi mbele ya mataifa, ama ni mwenyewe. Alivyozidi kusoma akazidi kuamini ni mwenyewe. Angalia anavyojificha ili watu wambembeleze ajitaje.

Akamaliza kuchapa, akachukua kalamu ya chuma, akaanza kuvalisha kofia.

Sasa, katika Kiesperanto *stelo* ni nyota, haina kofia. Ukiivalisha ile s kofia, inakuwa *ŝtelo*, na hiyo ni wizi. Bi Taipu alijua hilo tangu kile kitabu chembamba. Alifika kwenye kichwa cha habari. Hapakuwa na kazi pale. Mkono ukasimama hewani, kisha ukashuka, ukachora kofia ndogo, iliyonyooka, ya kupendeza. Wizi wa Meza Yetu. Akaitazama. Moyo ulimpiga kwa utamu fulani aliousahau tangu utotoni. Akashuka mstari kwa mstari, kila palipokuwa na nyota akaweka wizi.

Alikusudia kufuta. Kulikuwa na dawa nyekundu ya kuziba makosa kwenye stensili, kichupa kiko pale pale mezani. Alitaka tu akae nayo kidogo, aione ilivyo, mpaka Fundi arudi kutoka kibandani. Lakini siku hiyo Fundi alifunga mapema. Aliingia anapiga mluzi, akainyanyua stensili, akaifunga kwenye silinda ya mashine bila kuisoma, kwa sababu kwenye kusoma alimwamini dada yake kuliko macho yake. Bi Taipu alifungua mdomo, akaufunga. Mpini ukazunguka. Karatasi ya kwanza ikatoka. Fundi akaipeleka jikoni, akarudi, akaendelea.

Karatasi zilikuwa zinaanguka moja juu ya nyingine kwenye trei. Fundi, bila kugeuka, akasema, "Umefurahi alivyokuandika?"

"Kamwandika nani?"

"Wewe. Hajakuonyesha wa pili? Basi nimeharibu, alitaka ukutane nalo mwenyewe. Nyota ni wewe, dada. Wewe na kofia zako. Kashinda wiki nzima na hiyo habari, mimi hata chakula nilikuwa najipakulia."

Bi Taipu akainuka. "Simamisha mashine."

"Kuna nini?"

"Simamisha. Stensili imechanika."

"Mbona inatoa vizuri?"

Ingetosha kuitoa na kuipaka dawa. Lakini mikono ilikuwa imetangulia akili: aliing'oa kwenye silinda, ikachanika kweli, wino ukamjaa mpaka viwikoni. Akakusanya zile zilizokwisha kutoka, akazikumbatia kifuani kama nguo zinazonyeshewa. Fundi alibaki ameshika mpini, anamtazama dada yake kama redio inayotoa moshi.

Wifi akaingia kutoka jikoni. Mkononi alikuwa na karatasi yake.

Hakumtazama Bi Taipu. Alimtazama mumewe. "Spiriti ya kusafishia mashine imeisha. Nenda dukani kalete."

"Ipo chupa nzima."

"Imeisha."

Fundi akawatazama wote wawili, akachukua shati lake, akatoka.

Wifi aliiweka karatasi mezani, akaigeuza imwelekee Bi Taipu. Alikuwa na hasira. Katika miaka yote Bi Taipu hakuwahi kumwona na hasira, na hasira ilimkaa vizuri, ilimnyoosha shingo. Hata katika hali ile Bi Taipu aliliona hilo na akamwonea wivu.

"Hizi kofia ni za kukosea?"

Angeweza kusema ndiyo. "Hapana," akasema.

"Wewe hukosei kofia. Nilijua kabla sijakuuliza." Wifi akavuta kiti. "Nimeiba nini kwako, wifi? Niambie nirudishe."

"Hukuiba. Ulipewa. Ndiyo mbaya zaidi."

"Nimepewa nini?"

Bi Taipu alitazama viwiko vyake vyeusi. Aliona aibu ya kusema kitu kidogo namna ile baada ya kufanya kitu kikubwa namna ile. "Karatasi ya kwanza. Ikitoka kwenye mashine alikuwa ananipa mimi."

Wifi aliitazama karatasi pale mezani. "Hizi?" akasema. "Naletewa mikono ina unga, zinanipaka wino kwenye kila sufuria. Sikujua ni ya mtu. Mbona hukusema?"

"Ningeanzaje? Ningeonekana mtoto."

"Na mimi nilisema? Miezi yote ile mmekaa hapa mnacheka, mimi nageuza shingo kama feni. Unajua lugha yenu nilijifunza wapi? Chini ya kaunta ya dawa. Mteja akija naficha kitabu. Nilikuwa na wivu juu yenu mpaka tumbo linachoma, nikawa nakunywa dawa ya vidonda bila kuandikiwa na mtu. Ningekuwa na kalamu yako ya chuma siku zile, wifi, sijui ningechora nini."

Hawakukumbatiana. Wifi alikuwa bado amekasirika, na Bi Taipu hakuwa mtu wa kukumbatia. Ila wifi alivuta stensili mpya, akamsogezea. "Chapa. Mimi nasoma."

Ikawa adhabu ya aina yake. Wifi alisoma kwa sauti, nukta na mkato, kwanza ukurasa wa kwanza kisha wa pili, na Bi Taipu ilimbidi azichape sifa zake mwenyewe kutoka mdomoni mwa mtu aliyemkosea: mikono yake, subira yake, alivyomlea mdogo wake, alivyompokea mgeni na kumpa chumba kikubwa. Hapo vidole vikajikwaa. Wifi akasubiri. Wakaendelea mpaka walipofika kwenye sentensi moja na Bi Taipu akasimama.

"Hapa umeandika mashine ya kurudufu ilipatikana na Fundi. Niliipata mimi."

"Nilikuuliza. Ulisema hukumbuki."

"Sasa nakumbuka."

Wifi alichukua penseli akasahihisha bila kuinua uso, lakini pembe ya mdomo ilitikisika.

Fundi alirudi na spiriti akawakuta wameinama pamoja. Kilichotokea hakuambiwa siku hiyo wala nyingine. Mpini ulipozunguka na karatasi ya kwanza kutoka, wifi akamwambia, "Mpe dada yako." Akampa. Bi Taipu aliipokea, akasema asante, akagundua kwamba haina ladha ile ya zamani, kwa kuwa imeletwa kwa amri.

Toleo hilo lilipendwa kuliko yote. Barua zilikuja kwa mafungu. Mstaafu wa reli aliandika kurasa mbili akisema hajapata kusoma historia iliyoandikwa kwa uzuri ule, akauliza kama mwandishi anatunga pia mashairi. Mwishoni aliongeza: salamu pia kwa nyota. Bi Taipu alinuna siku mbili. Sifa alikuwa amepewa yeye, na aliyesifiwa ni yule aliyezitoa.

Gazeti liliendelea. Ilikuja kompyuta, na kofia zikawa zinajivalia zenyewe kwa kubonyeza kitufe. Wakati huo Bi Taipu alikuwa amestaafu na macho yalishaanza kumlalamikia, kwa hiyo hakugombana na mtu. Akaja mtoto wa kike wa Fundi, akakua akimwita shangazi na kumkimbilia yeye kwanza akianguka, na safari hiyo wifi ndiye aliyekuwa akisimama mlangoni na mikono imebaki hewani. Bi Taipu aliliona, na hatuwezi kusema lilimhuzunisha.

Kisha Fundi akafa. Alikuwa kibandani, amevaa miwani ya kazini, redio imefunguliwa mbele yake. Lilikuwa jambo la ghafla.

Wanawake wawili walitoa toleo moja la mwisho, la kumkumbuka. Walikubaliana kila mmoja aandike ukurasa wake peke yake, asimwonyeshe mwenzake mpaka amalize. Siku ya kubadilishana walikaa mezani, kila mmoja na karatasi ya mwingine.

Wifi alikuwa ameandika kwamba Fundi aliota kwa Kiesperanto. Kwamba baadhi ya usiku alizungumza usingizini, maneno wazi, akimwomba mtu fulani apunguze sauti ya redio. Bi Taipu alisoma mstari huo mara tatu. Alikuwa amemwogesha mtu huyo akiwa mchanga, akamjua kwa miaka yote ya uhai wake, na hilo hakulijua. Wivu ulimpanda upya, mbichi kabisa, na machozi yakaja nao.

Akainua uso akakuta wifi naye anajifuta. Ukurasa wa Bi Taipu ulieleza jinsi Fundi, akiwa na miaka sita, alivyoifungua redio ya baba yao kwa kisu cha jikoni ili amtoe nje mtu anayesoma habari ampe maji, kwa sababu alisikia anakohoa.

"Hili hakuniambia," wifi akasema.

"Na hilo la usingizini hakuniambia."

"Angekuambiaje? Alikuwa amelala."

Bi Taipu akauliza, kama mtu anayeuliza saa, "Alikuwa anasema nini kingine?"

Wifi aliikunja karatasi mara mbili. "Na baba yenu alimfanya nini kuhusu redio?"

Wakatazamana juu ya meza. Bi Taipu akasema baba hakumpiga. Wifi akasema usiku mmoja Fundi alihesabu betri usingizini. Ikawa hivyo jioni ile na nyingine nyingi zilizofuata, mtoto akiwa amekwenda masomoni na nyumba imetulia: mmoja anatoa kidogo, mwenzake anatoa kidogo, na kila mmoja, ukimwangalia usoni, unajua amebakiza.